Mfuko Mmoja wa Damu

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke

Dada yangu mpendwa,

Miwani uliyonitumia imefika salama, nami bado napanga vitabu katika maktaba ya chuo.

Wifi yako alipofanyiwa upasuaji, hospitali ilitaka ndugu wawili wamchangie damu. Ndugu mko huko, na mimi nilikataliwa kwa uzee. Nikawaendea wanafunzi wa uuguzi, ambao wiki ileile walijaza dodoso la utafiti hapo maktabani, karibu wote wakaandika kwamba kuchangia damu hakudhuru.

"Babu, Jumamosi nina mechi," alisema mmoja.

"Usimsikilize, babu. Huyo anaogopa sindano," mwenzake akamcheka.

"Basi njoo wewe."

"Mimi? Damu yangu yenyewe ya kuungaunga."

Aliyekuja ni mfagiaji wa maktaba peke yake, ambaye hakuna aliyempa dodoso. Mfuko wake mmoja haukutosha.

Wale wanafunzi bado nawaazima vitabu, lakini salamu zao siitikii.

Unaniuliza nitarudi lini. Wifi yako tumemzika hapa, na hapa hana ndugu mwingine ila mimi. Sitarudi, dada.

Kaka yako