Maana Niliyompa Imelda

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili ya pili ya Majilio

Mdogo wangu mpenzi Gaspari,

Amani ya Bwana iwe juu yako, juu ya shemeji yangu Mama Desideri, na juu ya wote walalao chini ya paa lako. Sina budi kuanza kwa kukutaka radhi. Barua yako ya wakati wa kuchuma kahawa ilinifika vema, nikaisoma, nikairudia, lakini sikuijibu. Haikuwa dharau, ndugu yangu. Kila niliposhika kalamu nilitaka kwanza niwe na habari njema ya kukuandikia, na katika kungoja hivyo miezi imepita na habari njema haikuja. Je, mguu wako uliokuwa ukivimba umepata nafuu? Mama Desideri ameacha kukohoa? Na msalaba wa marehemu shemeji yako Apolonia, bado umesimama, au mchwa wameufikia?

Mimi mwili unanibeba. Kinachonilemea ni habari ya binti yangu, mwanao Imelda: ameachishwa kazi. Nimeona afadhali nilitamke jambo hilo mapema, usije ukasoma ukurasa mzima moyo ukikudunda.

Uniwie radhi nikikueleza mambo ya mashine, maana bila hayo hutaelewa sehemu yangu katika msiba huu. Katika kampuni yao, ile iliyokuwa ya umma kabla ya kuuzwa kwa wageni, kompyuta zote zimeunganishwa kwa nyaya. Aliye ghorofani humwandikia aliye ghalani kule Kipawa bila kumtuma tarishi, na kumbukumbu za kazi huwekwa mahali pamoja, kila mwenye ruhusa akazifungua. Ndani ya programu waliyoitumia mlikuwa na sehemu ya kutengenezea taarifa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Imelda. Yeye ndiye aliyejua namna ya kuiuliza mashine: Mbeya wameuza nini juma hili, Tanga wamebakiza nini, kwa nini Mwanza wamepungua. Asubuhi wakubwa walipoketi, taarifa ilikuwa imekwisha kupangwa, pamoja na maelezo machache aliyoyaandika chini yake kwa Kiingereza safi.

Kiingereza hicho, Gaspari, tulikipata pamoja. Alipopewa kazi hiyo alikuja na kitabu cha maelekezo kinene kama misale ya altareni. Jumapili baada ya misa tuliketi uani, yeye akisoma, mimi nikifungua kamusi ile niliyopewa na Padri Mkuu nilipomaliza shule ya kati, ambayo jalada lake ulilichoma wewe kwa kibatari. Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wetu, alikuwa akipita na ndoo yake na kutucheka.

"Nyie Wakristo hamjatoka kanisani bado? Mzee Fidelisi, kitabu hicho kina Mungu ndani au kina pesa?"

"Kina kazi, Bi Mwanahawa."

"Haya, someni. Mie nikikiona hicho kitabu naona usingizi."

Nakiri kuwa zilikuwa Jumapili za furaha. Tangu Apolonia atutoke sikuwahi kujiona mtu wa kuhitajiwa kiasi kile.

Sasa, baada ya Pasaka, Imelda alirudi kutoka kazini na neno moja alilolinakili kwenye karatasi. Lilikuwa limetokea kwenye kompyuta za wote, katika tangazo fupi kutoka kwa waliotengeneza programu: sehemu ya taarifa iliyopo sasa, walisema, ni *deprecated*, na watumiaji wazingatie. Hakuna ofisini aliyelifahamu neno hilo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana halifahamu, hakuna aliyeuliza. Imelda akaniuliza mimi.

Nililitafuta. Kamusi ilisema ni kuomba dhidi ya baya, kusali ili ovu liepushwe. Nilifurahi mno, mdogo wangu, kwa sababu nililitambua mara moja. Ni ile sehemu ya Litania ya Watakatifu ambamo padri hutaja maovu, moja baada ya jingine, nasi tukaitikia: Utuopoe, ee Bwana. Nikamweleza mwanangu kwa uhakika wote wa mtu aliyesoma kwa wamisionari: "Mwanangu, wanaiombea sehemu hiyo iepushwe na madhara. Maana yake wanaithamini. Endelea na kazi yako."

Naye akaendelea. Aliongeza taarifa nyingine, na nyingine. Alibaki ofisini Jumamosi akizipanga, akidhani anajenga juu ya mwamba.

Mwenzake mmoja, Zuhura, ambaye ndiye aliyekuja hapa nyumbani kunisimulia yote, alimwonya. Kampuni ilikuwa imeweka darasa la kujifunza sehemu mpya ya taarifa, viti vichache tu, na jina ilibidi mtu aliandikishe mwenyewe.

"Imelda wee, jiandikishe, nafasi zinakwisha."

"Za nini? Hii ya sasa inalindwa. Baba kaniambia."

"Baba yako anafanya kazi hapa?"

"Baba yangu anajua Kiingereza kuliko meneja."

Zuhura aliponisimulia maneno hayo ya mwisho, niliinama nikajifanya natafuta kiatu changu.

Ikafika Jumatatu moja ambapo wakubwa walifungua taarifa za Imelda wakakuta ukurasa mweupe. Zote. Sehemu ile ya zamani ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamekuja jambo jingine kabisa. Zuhura aliniambia kuwa mkubwa sasa hagusi maandishi. Hubonyeza, na mbele yake likatokea duara lililokatwa vipande kama chapati, Mbeya kipande chekundu, Tanga cha kijani. Maelezo hayana nafasi. Mkubwa mwenyewe hujichagulia anachotaka kukiona, na wa kumtengenezea hahitajiki, ila mmoja tu wa kuitunza mashine.

Waliitwa wote mkutanoni. Fundi wa kompyuta, kijana mtanashati, akauliza kwa nini taarifa za kampuni hazikuhamishwa wakati tangazo lilitolewa mapema. Meneja akamtazama Imelda.

"Tangazo uliliona?"

"Nililiona, bwana."

"Ulilielewa?"

"Nililielewa. Lilisema wanaiombea sehemu hii iepushwe na mabaya."

Wote walimgeukia, akasema Zuhura, kama watu waonao sahani imeponyoka lakini haijagonga sakafu. Kisha fundi akauliza, "Nani kakufundisha hiyo, padri?"

"Baba yangu."

Wakacheka chumba kizima. Fundi akafafanua kwamba kwa watu wa kompyuta neno hilo lina maana ya kitu kilichokwisha kuwekwa pembeni: bado kipo, bado kinafanya kazi, lakini asikitegemee mtu, maana siku yoyote kitaondolewa. Tangu siku hiyo Imelda hakupita koridoni kwa amani. Mmoja aliita, "Sista Imelda!" na wengine kutoka vyumbani wakaitikia, "Utuombee!" Hata wale Waislamu, akasema Zuhura, walijifunza kuitikia.

Walipopunguza watu, barua yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Aliyebakizwa kuitunza mashine ni Zuhura huyohuyo, kwa sababu alikuwa darasani. Alilia hapa mbele yangu, naye sina neno la kumlaumu. Alimwambia mwenzake kweli. Mwenzake alikuwa na baba.

Nimelirudia neno lile mara nyingi, nikaona kuwa hata kwa maana yake ya kale sikulisoma sawasawa. Katika litania, kinachotajwa ndicho kinachoombwa kiondoke. Tunasema tauni, njaa, vita, utuopoe. Hatuiombei tauni ipate ulinzi. Tangazo lilisema wazi kwamba sehemu ile ndiyo baya lenyewe ambalo wanataka kuopolewa nalo, na mimi, mzee niliyeitikia litania hiyo tangu utoto, nikampa mwanangu maana iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu. Tangu hapo kanisani, wakifika mahali pale, sauti hainitoki.

Yeye hajanilaumu hata mara moja. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Huondoka asubuhi na bahasha yake ya kaki yenye vyeti, huzunguka maofisi ya mjini, hurudi jua likiwa limepoa. Kila ofisi humuuliza kama anaijua ile mpya. Husema atajifunza. Humwambia wanatafuta aliyekwisha kujifunza. Namuuliza kama kuna habari, ananijibu, "Hakuna, Baba. Kula." Kile kitabu cha maelekezo sasa kinazuia dirisha lisibamizwe na upepo, na Jumapili hushona, au hulala, au huketi tu akiwatazama kuku wa Bi Mwanahawa.

Juma lililopita Bi Mwanahawa aliniita nilipokuwa nikianua nguo.

"Mzee Fidelisi, mie mdomo wangu hauna kufuli, nisamehe. Binti yako kapata kazi. Hajakwambia?"

Nikamwambia hajaniambia.

"Kwa masista, kule mbele ya Pugu, shule ya wasichana. Wanamtaka awe karani, wanampa na chumba hukohuko. Kakataa."

"Kwa nini amekataa?"

"Chumba cha mwanamke mmoja, hakuna kuja na mzee. Kaniambia, 'Baba nimwache na nani?' Nikamwambia mwache kwangu, kanicheka. Anajua mie nitakupa pweza na wewe hutamla."

Nikacheka kwa heshima yake. Lakini yeye akaacha kucheka, akanishika mkono akiwa bado ana unga vidoleni.

"Sikufukuzi, baba. Kwangu kaa mpaka uchoke. Lakini mtoto anazama, na wewe umemshika shati."

Kazi ya masista ni ya taipureta, si ya kompyuta. Ni kurudi nyuma kwa mtu kama yeye, nami nauona uchungu wake. Hata hivyo ni mshahara na ni paa. Wamesema watamngoja hadi shule zitakapofunguliwa mwakani, kisha watamchukua mwingine. Kodi tuliyokwisha kulipa ya chumba hiki inaishia na mwaka.

Sasa ombi lenyewe, ambalo nimelizunguka kama kuku atafutaye pa kutagia. Nilipoondoka huko nilimkabidhi Desideri nyumba yangu aolee humo, na nilimkabidhi kwa moyo, si kwa mdomo tu. Siidai. Amekwisha kujaliwa watoto, na haifai babu kuja kuwasukuma wajukuu ukutani. Ninachothubutu kukiomba ni kile chumba cha nyuma ya kwako mnamoweka magunia ya kahawa, kwa kuwa msimu umekwisha. Nafahamu hakina dirisha. Nafahamu pia kwamba mwezi wa tano mtakihitaji tena, na Mungu akiniacha hai hadi wakati huo nitakuwa nimewaza jingine. Chakula changu ni kidogo. Naweza bado kuwafundisha watoto wa kipaimara, kama paroko hajapata mwalimu bora.

Nikipata pa kufikia, nitamwambia Imelda kwamba joto la Dar es Salaam limenishinda na kwamba nataka kulala karibu na mama yake. La pili ni kweli, hivyo nitakuwa sikumdanganya sana. Nikimwambia sababu yenyewe hataondoka kamwe. Unamjua, amechukua ukaidi wa Apolonia.

Nisalimie Mama Desideri, shemeji yangu mvumilivu, ambaye nisingependa aongezewe sufuria kwa ajili yangu bila kuulizwa. Tafadhali muulize yeye kwanza kabla hujaamua. Msalimie Desideri mwenye nyumba, na mkewe ambaye sijapata heshima ya kumwona. Msalimie dada yetu Kolastika, na umwambie kwamba namkumbuka katika sala, ingawa sala zenyewe siku hizi ni fupi. Msalimie pia katekista mzee, kama bado anasikia.

Jambo la mwisho, nami naomba ulizingatie sana. Ni desturi yetu tangu alipofariki Apolonia kwamba barua ya kutoka nyumbani husomwa kwa sauti wakati wa chakula, na msomaji ni Imelda. Kwa hiyo katika jibu lako usiligusie ombi hili. Ikiwa nafasi ipo, andika tu kwamba kuna shauri la ukoo linalomhitaji mkubwa, nami nitafunga mzigo. Ikiwa haipo, nakusihi usihangaike kutafuta maneno ya kunitaka radhi, maana huna kosa. Utuandikie habari za mvua. Nitakuwa nimeketi ng'ambo ya meza nikimsikiliza akisoma, na nitaelewa.

Ni mimi kaka yako, niliyekutangulia kuzaliwa tu na si kwa lingine lolote,

Fidelisi