Wanaofanana Sura

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili: sijui Kihispania. Nina kamusi kuukuu tu, imechanika baada ya herufi J. Kuanzia hapo nabahatisha kwa Kiingereza.

Nimejipima kwa maneno yaliyomo, na mara nyingi inakubali! Hospital ni hospitali. Familia ni familia. Kihispania na Kiingereza ni kama mtu na binamu yake: pua moja, kicheko kimoja. Ila wapo wanaofanana sura bila undugu wowote. Éxito, nikakumbuka exit ya Kiingereza, nikadhani ni mlango wa kutokea. Kumbe ni mafanikio! Nyumba ikiwaka moto nimekwisha.

Kosa langu ni kumsomea Shangazi maneno mawili matatu. Mtaa mzima sasa unaamini nakijua Kihispania. Kaka ananiita Balozi. Leo mezani: Balozi, chumvi inaitwaje huko kwenu? Nikajifanya natafuna. Itakuwa baada ya J.

Jumanne, 4 Machi

Makubwa! Mpiga fidla aliyehamia ghorofa ya juu kaleta kitambaa kwa Shangazi, ashonewe gauni la jukwaani. Anaongea Kihispania; Kiingereza hajui, Kiswahili anajua "asante" tu. Mteja mmoja akasema simu itafsiri. Shangazi akamkata kauli: "Simu ya nini, na mtoto msomi ninaye?"

Nikaitwa. Miguu haikutaka.

Pamba nzito ya buluu, inanukia sanduku. "Madre," akasema, akaikumbatia. Madre — mother. Ndugu wa damu hao! Nikasema ni cha mama yake. Mpiga fidla akafuta jicho. Shangazi naye. Nikajiona profesa.

Kisha akagusa gauni lililotundikwa ukutani: "Largo. Muy largo." L! Haimo kwangu. Nikawaza large, ile laji ya lebo za nguo.

"Anataka pana, Shangazi. Pana sana."

Shangazi akamtazama, kiuno cha nyigu. "Pana? Huyu?"

"Ndivyo asemavyo."

"Haya. Kila ndege na ubawa wake. Ila kikienda upana, urefu utaishia magotini. Hakuna kingine cha kuongezea."

Jumatano, 5 Machi

Shangazi hakati kitambaa cha mtu kabla hajakiloweka na kukikausha kivulini. Kama ni kusinyaa, anasema, kisinyae mikononi mwangu, si mwilini mwa mteja. Kimetundikwa uani. Kila nikipita nainamisha kichwa. Kaka: Balozi, unakipigia saluti?

Largo. Inaniwasha kama upupu.

Ijumaa, 7 Machi

Maktaba ya shule ina kamusi nzima, lakini imefungiwa kabatini na sijawahi kuthubutu kuomba ufunguo. Leo nimeomba. Sauti ikatoka ya panya. Mkutubi: "Sema, mwanangu, sing'ati."

Largo: -refu.

Si pana. Refu! Sura moja, undugu hakuna.

Nimetoroka kipindi cha mwisho. Mimi!

Dukani kitambaa kiko mezani, kimeshachorwa chaki — upana wa hema. Shangazi ana mkasi mkononi. Mpiga fidla kaketi kwenye benchi, kaja kutazama, pamoja na majirani wawili. Kaka kaegemea mlango.

"Huyo, Balozi wetu!" Shangazi akasema. "Mwulize, nianze na mikono?"

Wote wakaningoja. Nikatafuta exit. Sikuona hata éxito.

"Shangazi, mimi Kihispania sikijui."

Kaka hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaeleza yote, kamusi, J, laji. Jirani mmoja akaguna. Shangazi mkasi hakuuweka chini.

"Hata ile ya mama yake uliitunga?"

"Hiyo ni kweli, Shangazi."

"Umejuaje?"

Mpiga fidla alikuwa akitutazama mmoja mmoja, mkono umeshika pindo la kitambaa chake.

Nikaivua tepu ya kupimia shingoni mwa Shangazi. Hakunizuia. Nikamwomba mpiga fidla kwa ishara asimame, nikambandika ncha moja begani aishike, nikaiteremsha tepu hadi gotini. Nikamtazama usoni. Akatikisa kichwa: hapana. Nikateremsha kidogo. Akatikisa tena. Nikapiga magoti sakafuni, nikaendelea kuteremsha.