Nguzo Moja, Namba Tatu, na Neno Nililoandika kwa Penseli

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, na kama swali langu si la aina unayojibu unisamehe, maana wasomaji wako wengi huandika kuhusu wachumba na mawifi, na mimi ninaandika kuhusu nguzo.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule miezi mitatu iliyopita, na shangazi yangu, ambaye ni mhandisi wa majengo, alinichukua ofisini kwake nimsaidie hesabu wakati nikisubiri matokeo, ingawa baba alimwambia, "Huyo hata salamu anaitikia kwa kunong'ona, atakusaidia nini?" na shangazi akamjibu, "Namba hazihitaji sauti, mwache aje." Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vigae, na tupo watatu tu, shangazi, mimi, na mchoraji wetu, mtu mzima ambaye kila mtu anamwita Rula kwa urefu na wembamba wake.

Shangazi ana sheria moja, kwamba kila namba inayoingia kwenye karatasi ya hesabu lazima pembeni yake iandikwe kwa penseli imetoka wapi. Ukiitafuta mwenyewe unaandika "nimekokotoa", na hiyo ataikagua tarakimu kwa tarakimu, na ukiitoa kwenye kile kitabu kinene kilicho juu ya kabati unaandika "kitabuni", na hiyo anaipita, kwa sababu kitabu anakiamini.

Sasa tulipata kazi ya zahanati ya ghorofa moja, juu iwe kliniki ya watoto, na jengo litasimama juu ya nguzo za mabomba ya chuma yaliyojazwa zege. Programu yetu ya kompyuta ni ya zamani, inataka kila nguzo iwe ya kitu kimoja tu, ama chuma ama zege, kwa hiyo inabidi mtu abuni kitu kimoja ambacho hakipo duniani, chenye ugumu ulio sawa na chuma na zege vikifanya kazi pamoja, halafu aiambie kompyuta kwamba nguzo nzima ni kitu hicho. Shangazi alikuwa anatoka kwenda saiti, akaniambia, "Mwanangu, nitafutie ugumu wa ile nguzo uuingize," nikaitikia "Sawa shangazi" na sikuelewa hata nusu, nikaona aibu kumwuliza kwa sababu tayari alikuwa ameshika funguo, nikaangalia ugumu wa chuma nikaona ni 200 na wa zege ni 30, nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapata 115, na pembeni yake, mshauri, nikaandika "kitabuni".

Sijui kwa nini niliandika hivyo. Nadhani nilijiambia kwamba 200 imetoka kitabuni na 30 imetoka kitabuni, kwa hiyo na mtoto wao ni wa kitabuni.

Kompyuta ikasema upepo ukivuma jengo halitayumba sana, shangazi akafurahi, akaviondoa kwenye mchoro vile vyuma vya mshazari vilivyokuwa vinakatiza kati ya nguzo kuzuia jengo lisiyumbe, msimamizi wa zahanati akampa mkono akisema afadhali, sasa machela zitapita bila kugonga, na shangazi akanionyesha kwa kidole, "Kazi ya huyu," nami nikainama kama ninayetafuta kalamu.

Wiki iliyopita akanituma karakana kupima mabomba. Moja lilikuwa limekatwa, nikaona mdomo wake, upana milimita 300, lakini chuma chenyewe milimita 6 tu, chembamba kuliko kidole changu kidogo, na tundu lote lililobaki ni la zege, nikasimama pale nimeduwaa mpaka fundi akaniuliza, "Binti, umeona nyoka humo?" Maana mimi nilikuwa nimevigawia chuma na zege nusu kwa nusu, na chuma hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Nikarudi ofisini nikakokotoa upya kwa kuangalia kila kimoja kinashika eneo kiasi gani, nikapata 43, nikashusha pumzi, nikamwuliza Rula kama mtu anayeuliza tu, si eneo ndilo linaloamua?

"Inategemea nguzo inafanya nini," akasema bila kuinua kichwa. "Ikibebeshwa mzigo tu, sawa. Ikipinda, kilicho ukingoni ndicho kinachofanya kazi kubwa, cha katikati kinapumzika. Chuma chako kiko wapi?"

"Ukingoni."

"Basi umejijibu. Unamwulizia nani?"

"Rafiki yangu wa shule."

"Mwambie huyo rafiki amwulize mkubwa wake."

Nikakokotoa kwa kupinda, nikapata 56. Sasa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana bomba ni lile lile na zege ni lile lile, nguzo moja itakuwaje na ugumu wa namna mbili, na kama zote mbili ni kweli labda hata 115 ni kweli kwa njia nisiyoijua na nitamwaibisha shangazi bure mbele ya mteja, na kama si kweli basi watoto watapandishwa kwenye ghorofa niliyoigawa kwa mbili. Juzi nilichukua kifutio nifute lile neno niandike "nimekokotoa", nikaona nitakuwa nimedanganya mara mbili, nikakirudisha. Jumamosi ya wiki ijayo nguzo zinasimamishwa na zege linamiminwa. Kila asubuhi naingia nimejiandaa kusema, shangazi ananiambia, "Kunywa chai kwanza," nakunywa, na maneno yanashuka na chai. Nimwambie sasa, au kwanza nihakikishe namba sahihi ni ipi ili nisiende mikono mitupu?

Ni mimi, wa meza ya dirishani.

*

Binti wa dirishani,

Mawifi watasubiri wiki hii. Hukuacha namba ya simu wala jina la ofisi, kwa hiyo nimemwomba mhariri aitangulize barua yako, na unaisoma Jumatano. Una leo tu. Alhamisi na Ijumaa ni za shangazi yako, atazihitaji.

Mimi si mhandisi, ila jirani yangu ni mhandisi mstaafu, nikamsomea. Aliniuliza mara mbili una miaka mingapi. Anasema 43 na 56 zote ni halali, kila moja kwa kazi yake. Ya kwanza inajibu nguzo itabonyea kiasi gani ikibebeshwa mzigo, ya pili inajibu itapinda kiasi gani ikisukumwa. Kitu ulichokibuni hakipo, kwa nini kiwe na jibu moja kwa kila swali? Na kwa upepo hata 56 huenda ikapunguzwa, kwa sababu zege likivutwa hupasuka. Hiyo 115 haijibu swali lolote. Imeifanya nguzo ionekane ngumu mara mbili ya ilivyo, na vyuma vya mshazari vimeondoka kwa kuiamini.

Kugawa kwa mbili nakusamehe, ulikuwa umetoka darasani juzi. Neno "kitabuni" sikusamehei haraka. Lilimwambia shangazi yako afumbe macho, naye akafumba. Aibu ya kuuliza ingedumu dakika moja, ukaona uibadilishe kwa hii unayoishi nayo kila asubuhi.

Lakini ulisimama mbele ya bomba ukaliangalia mpaka ukaliona kosa la hesabu yako mwenyewe, na kifutio ulikirudisha. Hapo nimekupenda.

Shangazi mtu, kama nawe unasoma: mtoto asiyetimiza hata miezi mitatu kazini ulimwachia namba inayoamua vyuma vibaki au viondoke, nawe unaelekea mlangoni. Una lako katika hili.

Sasa binti, nani kakwambia uende na jibu sahihi? Jibu ni kazi ya anayetia saini. Wewe peleka kosa. Chai ikija, iweke mezani ipoe. Chukua karatasi ile ile, usifute kitu, piga mstari mmoja juu ya 115 na juu ya lile neno, vyote viendelee kusomeka, uandike tarehe. Chini yake weka 43 na 56 na ulivyozipata. Halafu sema hivi, hata kwa kunong'ona: "Shangazi, 115 haikutoka kitabuni, niliibuni mimi, na vyuma vya mshazari viliondolewa kwa sababu yake."

Atafoka. Msimamizi wa zahanati naye atafoka, kama itabidi machela zizunguke vyuma tena. Wewe kaa kwenye kiti. Mwombe shangazi ampigie fundi nguzo zisisimamishwe mpaka hesabu irudiwe, na usitoke chumbani humo mpaka umesikia kwa masikio yako fundi akiambiwa asubiri.