Aliyeupa Uwanja Mgongo

Jumatatu, 4 Machi

Kancil amerudi mjini! Mke wangu Rukmi kaileta habari pamoja na tempe, vile vipande vya soya, kutoka sokoni. Anasema kamwona kwa macho yake akishusha godoro kwenye gari la kukodi. Mvi kichwani, tumbo limeanza kumtangulia. Nikamwambia, mimi simjui mtu wa jina hilo.

"Humjui? Aliyekufanya ususie wali siku tatu, humjui?"

Miaka kumi na sita sijamtaja humu ndani. Kancil, yule paa mdogo mjanja, ndivyo tulivyomwita uwanjani. Jina lake Wiratno. Haya, nimeliandika. Basi.

Jumanne, 5 Machi

Mji mzima hauna hadithi nyingine. Kijana wa saluni akaniuliza ilikuwaje. Nikamsimulia kama ninavyosimulia siku zote: miaka kumi na mmoja alivaa jezi yetu ya njano, ya klabu ya Banteng. Nahodha! Kisha akahamia Rajawali, wale wa bandarini, adui zetu. Msimu uleule akarudi hapa na jezi nyekundu, akatufunga bao, akakimbia hadi jukwaa la mashariki na kuibusu nembo mbele yetu. Ndipo tukamwimbia matusi.

Kijana akasema, aa, basi alistahili.

Nikasema, ndiyo. Sijui kwa nini sikumaliza kunyolewa kwa raha.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu wangu! Baada ya alasiri pikipiki ikasimama mlangoni. Nikafungua — yeye. Anachechemea. Nilidhani kaja kwa ajili ya goti lake, nikawa tayari kumwambia sina nafasi mpaka Idi.

"Samahani, Pak. Naambiwa wewe ndiye Pak Daliman mkandaji. Mama amepooza upande wa kulia. Hospitali wameturuhusu, anataka kuwa nyumbani kwake. Tafadhali, Pak."

Pak, ananiita baba! Hakunijua. Angenijuaje? Mimi ndiye niliyeongoza nyimbo za mashabiki, na kiongozi husimama akiwatazama wao, uwanja ukiwa mgongoni mwake. Miaka yote ile aliuona mgongo wangu na kipaza sauti. Hata mimi, nusu ya mabao yake niliyasoma kwenye nyuso za watu.

Nilitaka kufunga mlango. Mdomo ukasema, kesho, baada ya sala ya Ijumaa.

Ijumaa, 8 Machi

Mama yake, Bu Satinem, amekwisha, amekuwa mwepesi kama mtoto. Ulimi haufanyi kazi. Mkono wa kulia umekunjamana vidole. Lakini macho! Wiratno anasema anasikia kila kitu, tuchunge tunachosema.

Nilimkanda kwa mafuta ya nazi na vitunguu vyekundu. Nikakosea, nikaanza na mkono mzima. Mimi! Miaka thelathini kwenye kazi hii!

Aliuza pecel sokoni, mboga na mchuzi wa karanga. Nilikula kwake mara nyingi. Uso wangu anaujua. Saa nzima hakuniondolea macho.

Kuhusu jina lake sitaki kuandika leo.

Jumapili, 10 Machi

Wiratno alipika kahawa, tukanywa kando ya kitanda. Nilikuwa nimeapa nitakanda tu, sitazungumza. Akaanza mwenyewe. Anasema hakuondoka, aliuzwa. Mwenye klabu alimwita ofisini asubuhi, akamwambia gari liko nje, mchana uwe bandarini. Hata viatu vyake alitumiwa baadaye.

Ulimi wangu ukateleza. "Lakini nembo uliibusu."

Akanitazama. "Ulikuwepo, Pak?"

"Mji mzima ulikuwepo."

"Basi uliusikia ule wimbo. Mama alikuwepo pia. Alikuja kwa makusudi. Aliniambia, watu wakiniona mimi hawatakuzomea, wote ni wateja wangu." Akacheka, lakini si kicheko. "Wakaanza kuimba jina lake kabla sijagusa mpira. Nikafunga kwa hasira. Nikabusu kwa hasira. Ile nembo siipendi mpaka leo. Kesho yake Mama akafunga genge lake, akaja kukaa na mimi. Hakurudi tena hapa, mpaka sasa."

Nikaangusha kifuniko cha chupa. Nikakitafuta chini ya kitanda muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike basi, hakuna anayesoma.

Nimedanganya watu miaka kumi na sita. Bao, busu, kisha wimbo — ndivyo ninavyosimulia, na mwisho nikaamini mwenyewe. Si kweli. Wimbo ulitangulia. Nilijua atakuja na jezi nyekundu, nikautunga Jumamosi, hapa hapa, Rukmi anakaanga, mimi napiga meza kwa kijiko. Niliuchukua wimbo wa zamani wa kumsifu Wiratno, nao niliutunga mimi, nikabadilisha maneno.

*Satinem, Satinem, mwanao ana baba wangapi?*

Watu elfu nane. Nilikuwa nawatazama wao, wanacheka, nami nawachochea, zaidi! zaidi! Busu lenyewe sikuliona. Niliona nyuso zimenyamaza ghafla, nilipogeuka yeye alikuwa anaondoka.

Mjane yule. Alikuwa akiniongezea karanga bila kuombwa.

Nilimpenda kijana huyu kuliko ndugu zangu. Ndiyo maana nilijua pa kumchoma.

Jumatano, 13 Machi

Balaa. Gimin, mwenyekiti wa mashabiki, kaja na wazo lake. Jumapili tunacheza na Rajawali hapa nyumbani. Anataka Wiratno aingie uwanjani kabla ya mechi, avishwe jezi ya njano, yaliyopita yaishe.

"Na wewe ndiye utakayemvisha, Pak Daliman! Nahodha na kiongozi wa nyimbo! Watu watalia!"

Nikamwomba asinitaje. Akashangaa. "Aibu ya nini? Wimbo tu ule, mbona sote tuliimba!" Jumamosi saa kumi anakwenda na wenzake kumwomba.

Gimin hana breki mdomoni. Atasema kabla hajavua viatu.

Rukmi alikuwa amesikia yote. Kasema mambo ni mawili: nimwambie Wiratno kabla ya Gimin, au niache kwenda.

"Nikiacha, vidole vya mama vitakunjamana tena."

"Basi sema."

"Wewe mbona hukunikataza siku ile?"

Akazima jiko. Kisha akasema polepole, "Nilicheka, baba. Nilikuwa nakaanga na nikacheka. Usidhani nimesahau."

Alhamisi, 14 Machi

Sikusema.

Ijumaa, 15 Machi

Kidole gumba kimecheza! Wiratno alikiona kabla yangu. Akapiga ukelele kama mtu aliyefunga bao, akanikumbatia, mafuta yote yakamwagika kwenye shati lake. "Mungu akulipe, Pak. Sina la kukulipa."

Heri angenipiga.

Nilifungua mdomo. Nikasema apunguziwe chumvi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekaa kwenye kibaraza chao, naandika upande wa nyuma wa karatasi za dawa. Mvua imekatika. Mlango umefungwa, mimi niko nje.

Nilifika saa nane. Nikaanza na bega, nikashuka kwenye kiwiko. Wiratno yuko dirishani, anamkatia mama yake papai. Nikamwita Mas, yaani kaka, bila kuinua kichwa, kwani ningemtazama nisingeweza:

"Mas Wiratno. Wimbo ule wa mama nilitunga mimi. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu."

Kisu kikasimama.

"Upi?"

"Zote mbili. Ule wa kukusifu, na ule mwingine."

Akaja hadi kitandani. Nilisubiri ngumi. Akauliza kwa sauti ndogo, ndogo mno: siku tisa hizi, mikono hiyo hiyo? Nikasema ndiyo. Akauliza, ulipokuwa unakunywa kahawa yangu, ulikuwa unajua? Nikasema ndiyo.

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenye jina."

Nikapiga magoti. Bu Satinem ananitazama. Nikasema yote, hata la busu ambalo sikuliona, hata karanga. Nikasema, nilikutukana, Bu, hukunikosea kitu, naomba radhi.

Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akashika ukosi wa shati langu. Akanivuta. Nikadhani anataka kuninong'oneza. Akanizaba kofi! Kofi la mgonjwa, halina uzito. Akapumzika kidogo, akapumua. Akanizaba la pili.

Kisha akaushika mkono wake ule uliopooza kwa huu mzima, akauinua taratibu, akauweka mapajani mwangu.

Sikuelewa. Akausukuma tena. Endelea.

Nikaendelea. Machozi yanaingia kwenye mafuta. Wiratno alisimama akitutazama, taya linacheza. Akangoja nimalize kidole cha mwisho. Akafungua mlango, akaniashiria nitoke. Nikatoka. Akafunga.

Nimebaki hapa. Miguu haitaki kuondoka. Ndani nasikia sauti yake, anamuuliza mama kitu, anangoja, anauliza tena.

Saa kumi. Pikipiki tano, bendera za njano. Gimin kabeba jezi mpya kwenye mfuko wa nailoni, namba kumi mgongoni. "Ah, umetangulia! Vipi, umeshamlainisha? Mbona macho mekundu?"

Nikamwambia, nyamaza, Gimin. Kwa mara ya kwanza akanyamaza. Wote wamekaa ukingoni mwa kibaraza kama watu wa msibani, wananitazama mimi niandikaye.

Sasa hivi sauti ya Wiratno imetoka nyuma ya mlango. Hajaufungua.

"Pak Daliman bado yuko?"

"Niko."

Ndani kiti kinaburuzwa. Gimin ananyanyuka na jezi yake, namshika shati.

"Kesho uje mapema, kabla ya mechi. Mama anasema kwa mkono wake, hajamalizana na wewe."

"Na wewe, Mas?"

Mlango unatikisika. Komeo linasogea —