Anwani Niliyompa Kaka Yake

Jumatatu, 3 Machi
Taya la Kitinda, mwanangu wa mwisho, limefungwa nyaya. Mumewe, yule mwashi, alilivunja kwa ngumi — mbele ya watoto! Mungu aniwie radhi; leo nimemtakia kifo mtu aliyekula mezani pangu.

Nimemficha mwanangu kwa muuguzi, rafiki wa marehemu mke wangu. Ijumaa ana kesi. Atakayempeleka mahakamani ni kaka yake, kifungua mimba wangu. Mahali alipo nitamtajia asubuhi hiyo, si kabla.

Nimemfungulia Kitinda sanduku katika seva yangu ya barua pepe. Kila mtu nimempa anwani yenye mkia wake: kitinda+wakili, kitinda+muuguzi, kitinda+kaka. Sanduku ni moja, milango mbalimbali. Nyoka akiingia, nitajua alikopitia.

Jumanne, 4 Machi
Aibu! Wakili amepiga simu: barua zake zinarudi. “Mzee wangu, seva yako inasema mtu huyo hayupo.” Nilisahau kuielekeza kwamba alama ya kujumlisha hutenganisha jina na mkia. Mstari mmoja tu katika faili la mipangilio! Nimeuandika, nikaiwasha upya, nikajaribu mikia yote. Zinaingia. Nimemwomba wakili radhi mara tatu. Akacheka: moja ilitosha.

Alhamisi, 6 Machi
Mwashi amemwandikia Kitinda katika sanduku lile. “Taya lilikuwa salamu tu. Kesho naijia shingo.” Mwanangu alitapika, mdomo umefungwa; muuguzi akalazimika kuzikata nyaya asisongwe.

“Aliyempa anwani ni karani wa wakili, Baba,” ameniambia kwa simu, kwa shida.

Huenda. Sandukuni mkia hauonekani; ndivyo nilivyopanga, kwa uzembe wangu. Umo katika kumbukumbu za seva, lakini umeme umekatika tangu adhuhuri.

Ijumaa, 7 Machi
Saa moja umeme umerudi. Nimesoma kumbukumbu mara nne: mlango aliopitia mwashi ni kitinda+kaka.

Saa mbili kifungua mimba wangu amefika. Gari lipo nje, vioo vyeusi, ndani kuna mtu.

“Shikamoo, Baba. Yuko wapi? Tunachelewa.”

Nilimwomba kwa adabu anieleze barua ile. Akacheka.

“Mzee, acha mambo yako ya seva. Ndoa haivunjwi na mawakili. Shemeji anataka wayamalize tu.”

Nikasema: kwa shingo?

Akanikaba. “Taja!” Kichwa changu ukutani, mara mbili. Jino limetoka. Mkono wangu ukapapasa, ukapata pasi. Pigo la kwanza lilikuwa la kutafuta pumzi. La pili sina udhuru nalo.

Amelala sakafuni. Anapumua. Damu inamtoka sikioni — sikio nililolisafisha akiwa mchanga.

Kitinda ameandika: “Baba, niko tayari. Kaka ameshatoka?”

Nimeandika: Kaka yako ni mgonjwa. Nikafuta. Nimeandika: Usimfungulie mtu, hata awe wa damu yako. Nimetuma.

Honi imelia mara ya tatu. Sasa mlango wa gari umefunguliwa.