Mawe ya Rubani

Kipsing, Jumatano, mbuzi wameshalala

Hapana, hayo mawe hayatoki. Nimemwambia Josefu leo na nitamwambia tena.

Ndugu yangu huyu mdogo anajenga duka, na asubuhi alileta fundi na trekta wabebe rundo la mawe lililo nyuma ya boma letu. Hapo ndipo ndege ilianguka wakati wa vita vya wazungu, babu akiwa bado morani. Rubani alikuwa kijana, bado anafunzwa kurusha ndege. Wanajeshi walikuja kuchukua mwili, lakini babu alikuwa ameshaweka jiwe pale alipomkuta. Tangu hapo kila anayepita na mifugo anaongeza lake, kama tunavyowafanyia wafu wetu.

"Dada, hata jina lake hatulijui," Josefu alisema. "Na hapo chini hakuna mtu."

Nikapanda juu ya rundo nikaketi. Fundi alingoja, akachoka, akaondoka na trekta yake.

Naogopa, sitaficha. Josefu amekasirika kweli, na siku nikienda mnadani Isiolo nani atakaa pale juu? Na haya magoti yangu...

Lakini jioni nilimwona akirudisha mbuzi. Alipofika kwenye rundo aliinama, akaokota jiwe, akalitupia juu ya mengine, akaendelea kupiga mluzi. Mkono wake ulifanya bila kumwuliza.

Kesho akirudi na trekta, nitamwambia aanze kwa kutoa lake.