Mama Yako Amejibu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Watoto nao, na Shemeji? Sisi huku miili ni mizima. Habari za roho ndizo hizi.

Mama Mkubwa, mama yako, bado amelala vilevile tangu kiharusi: macho wazi, hasemi, hata kidole hanyanyui. Wodini walituambia hajitambui. Walikosea. Anatusikia.

Alhamisi daktari mmoja mtafiti alimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu zaidi, na kwenye kioo huonekana imewaka. Akamwambia kwa kipaza sauti: ukitaka kusema ndiyo, fikiria unafua nguo, ukitaka kusema hapana, fikiria unatembea nyumbani kwako, chumba hadi chumba. Kila wazo huwasha sehemu yake. Kwanza akamjaribu kwa tunayoyajua. Una mtoto wa kiume? Hapana. Wa kike? Ndiyo. Dada, nimeripoti vita na ajali, lakini jambo kama hilo sijapata kuliona.

Furaha haikudumu. Mjomba alikuja na dalali. Naam, dalali, ameketi kwenye benchi la wagonjwa anachokonoa meno.

“Muulize kama nyumba iuzwe,” Mjomba akasema.

“Mzee, hapa tunapima ubongo, hatupimi viwanja,” daktari akamjibu.

“Saini ya ruhusa ni yangu. Nikiifuta, anatolewa humo sasa hivi.”

Ng’ombe hajafa, ngozi imeshapata mteja!

“Mjomba, huna aibu hata ya kuazima?” nikamwambia.

“Wewe mwandishi. Andika, usiseme.”

Basi swali likaulizwa. Mama yako akatembea nyumbani kwake, chumba hadi chumba. Daktari akarudia, jibu likawa lilelile. Mjomba akasema mashine ni mbovu, akatoka na dalali wake wakilaumiana.

Ndipo daktari akauliza alichokusudia tangu awali: unaumwa? Ndiyo. Kichwa? Hapana. Mgongo? Ndiyo. Miezi yote hiyo tulikuwa tukimgeuza kitandani kama gunia, na hakuna aliyemuuliza. Ijumaa alianza kupewa dawa.

Nami niliomba swali moja: tumwite binti yako? Jibu ni ndiyo.

Mjomba sasa anatangaza kwa jamaa kwamba picha zile ni uchawi, na anataka zisirudiwe. Akifaulu, mama yako atakuwa bubu tena, na nyumba itauzwa akiwa anasikia. Daktari anasema saini ya mtoto inaishinda ya ndugu, ila lazima uitie mwenyewe, hapa.

Mama yangu anakusalimu sana, na Bibi pia. Mjomba hakutuma salamu, wala sikumwomba. Mbusu kitindamimba wenu.

Mungu akusafishie njia, na akufikishe upesi.

Akupendaye daima,
Ndugu yako, wa kwa Mama Mdogo.